Pwani na Uwanda wa Juu: Hali za Wamwani na Wamakonde wa Cabo Delgado

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vijana wenye silaha walipovamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa pwani ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, maelezo mengi kuhusu chanzo cha vita vilivyofuata yameegemea ulinganisho mmoja: kwamba Wamwani wa pwani, ambao ni Waislamu na wengi wao ni wavuvi, wameachwa nyuma, na kwamba Wamakonde wa uwanda wa juu wa Mueda, ambao wengi wao ni Wakatoliki na ndio waliobeba sehemu kubwa ya vita vya ukombozi, wameyala matunda ya uhuru. Ulinganisho huo una ukweli mwingi, lakini ukweli wake hupotosha usipowekewa mipaka, kwa sababu huzichukua jamii mbili kana kwamba kila moja ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Anayetaka kujua kwa nini mtoto wa Quissanga, pwani, na mtoto wa Mueda wamefikia hali tofauti hana budi kwanza kuuliza ni hali gani inayopimwa, ni katika kipindi gani, na ni nani hasa ndani ya kila jamii anayehesabiwa.

Wamwani ni watu wa ukanda wa pwani na visiwa vya Quirimbas, kuanzia Pemba na Quissanga, kupitia Ibo na Macomia, hadi Mocímboa da Praia, na lugha yao, Kimwani, ina ujamaa wa karibu na Kiswahili. Kaskazini zaidi, Palma na Quionga, wako pia Wamakwe, ambao katika maisha ya biashara, dini na uvuvi hawatofautiani sana nao. Wamakonde wa Msumbiji, ambao huko Tanganyika waliitwa Wamawia, makao yao ni wilaya za Mueda, Muidumbe na Nangade, kusini mwa mto Ruvuma. Pamoja na umaarufu wa majina haya mawili, hakuna jamii kati ya hizo iliyo na wingi wa watu katika jimbo: karibu theluthi mbili ya wakazi wa Cabo Delgado ni wasemaji wa Kimakua, Wamakonde ni kama sehemu moja ya tano, na Wamwani hawafikii sehemu moja ya kumi. Jambo hili husahauliwa mno katika mjadala wote, kwa kuwa Wamakua, ambao ndio wengi na ambao umaskini wao kule Namuno, Balama na Chiúre haupungui ule wa pwani, hawana nafasi katika hadithi ya wawili wanaoshindana.

Ugumu wa kwanza wa kulinganisha ni wa takwimu. Sensa ya Msumbiji humwuliza mtu lugha yake ya kwanza na dini yake, lakini vipimo vya umaskini, lishe na elimu hutolewa zaidi kwa ngazi ya jimbo, na mara chache kwa wilaya. Kwa hiyo anayezungumzia hali ya Wamwani mara nyingi anazungumzia wilaya wanamoishi Wamwani, pamoja na Wamakua, Wamakonde na wageni waliohamia humo. Mocímboa da Praia, kwa mfano, ni mji wa Wamwani kwa historia, lakini baada ya uhuru Wamakonde wengi, wakiwemo wapiganaji wa zamani, walihamia mjini humo na pembezoni mwake, hivyo wastani wa wilaya hiyo huzificha pande zote mbili. Kinachojulikana bila shaka ni kwamba jimbo zima liko nyuma: katika sensa ya 2017, ambayo iliwahesabu wakazi takriban milioni 2.3, zaidi ya nusu ya watu wazima wa Cabo Delgado hawakujua kusoma na kuandika, kiwango kibaya kuliko wastani wa taifa. Kwa maneno mengine, kinachoitwa pengo baina ya pwani na uwanda wa juu ni pengo ndani ya umaskini, na tofauti za ndani ya umaskini mara nyingi huuma kuliko zile zilizo baina ya maskini na tajiri wa mbali asiyeonekana.

Wachumi wa maendeleo, hasa kufuatia kazi za Frances Stewart wa Chuo Kikuu cha Oxford, hutofautisha aina mbili za ukosefu wa usawa. Ya kwanza ni ile baina ya mtu na mtu, au kaya na kaya, ambayo hupimwa kwa kipato. Ya pili ni ile baina ya makundi yanayotambulikana kwa dini, lugha au asili, ambayo hupimwa kwa mambo manne kwa pamoja: mali na ajira, huduma kama shule na hospitali, nafasi katika uongozi, na heshima ambayo dola inaupa utamaduni wa kila kundi. Hatari ya machafuko huongezeka pale mambo hayo manne yanapoelekea upande mmoja, kundi lile lile likawa juu katika yote na jingine likawa chini katika yote. Kwa kipimo hiki, swali la Cabo Delgado hubadilika: badala ya kuuliza nani ana mali zaidi, huulizwa ni kwa njia gani mali, shule, cheo na heshima viliondoka pwani na kupanda mlima.

Maana kulikuwa na wakati ambapo pwani ndiyo iliyokuwa juu. Katika karne ya 18 na ya 19, Ibo ilikuwa mji wa pili kwa umuhimu, baada ya Kisiwa cha Msumbiji, katika makoloni ya Wareno kwenye pwani hii. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia hapo, na majahazi yaliunganisha visiwa vya Quirimbas na Zanzibar, Ngazija, Madagascar na visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Familia za wafanyabiashara na masharifu wa pwani zilikuwa na elimu ya Kiarabu, zilikuwa na mikopo, zilikuwa na watumwa. Wamakonde katika biashara hiyo walikuwa wanaowindwa, na uwanda wa Mueda, wenye vichaka vizito na usio na maji ya karibu, ulikuwa ngome ya watu waliokimbia misafara. Wareno wenyewe hawakuweza kuutiisha uwanda huo kikamilifu hadi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Kumbukumbu hii haijafutika: katika ugomvi wa leo, Mmakonde anaposikia Mmwani akilalamika kwamba amenyanyaswa, anaweza kukumbuka ni nani aliyemwuza babu yake, na si rahisi kumwambia kwamba amekosea.

Anguko la pwani lilianza kabla Wamakonde hawajapata chochote. Kampuni ya Niassa, iliyopewa mamlaka ya kutawala eneo lote la kaskazini kuanzia 1891 hadi 1929, ilitegemea kodi ya nyumba na kazi za shuruti kuliko biashara, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao makuu yalihamishwa kutoka Ibo, yenye bandari ya maji mafupi, kwenda Porto Amélia, yaani Pemba ya sasa, yenye ghuba yenye kina. Ibo ikabaki na majumba yake. Baadaye, kuanzia mwisho wa miaka ya 1930, kilimo cha pamba cha lazima kiliwasukuma wakulima wa bara, Wamakonde wakiwa mbele, kuvuka Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, ambako mshahara ulikuwa bora na ambako walikutana na vyama vya wafanyakazi na siasa za TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika. Wamwani nao walivuka, kwa jahazi na kwa ajili ya biashara, lakini waliokaa katika kambi za mkonge kwa maelfu, wakaunda vyama vya kusaidiana na hatimaye chama cha siasa cha MANU, walikuwa Wamakonde.

Shule ndiyo iliyoleta tofauti ya kudumu zaidi. Kwa mkataba wa mwaka 1940 baina ya Ureno na Vatikani, na kanuni za kimisheni zilizofuata mwaka 1941, elimu ya Waafrika ilikabidhiwa Kanisa Katoliki. Mapadri wa Montfort walikuwa wamekwisha kufungua misheni ya Nangololo, kwenye uwanda wa Wamakonde, mwaka 1924, na kutoka hapo na misheni nyingine walitoka makarani, walimu na makatekista wa kwanza. Mzazi wa Kimwani aliyempeleka mwanawe katika shule hiyo alijua kwamba alikuwa anampeleka kubatizwa, hivyo akachagua chuo cha Kurani, ambako mtoto alijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, ujuzi halisi ambao dola ya Kireno haikuutambua na ambao hata leo takwimu za kisomo haziuhesabu. Kwa hiyo sehemu ya ule unaoitwa ujinga wa pwani ilitengenezwa na kalamu ya mtakwimu, na sehemu nyingine, iliyo kubwa na ya kweli, ilitokana na mlango uliofungwa kwa sharti la dini.

Vita vya ukombozi viliugeuza mwelekeo huu kuwa madaraka. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, ambapo askari wa Kireno waliufyatulia risasi umati uliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala, yaliwafanya Wamakonde wengi wakate tamaa na njia ya maombi. MANU ikaungana na vyama vingine kuunda Frelimo mjini Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 Alberto Chipande, Mmakonde, akaongoza shambulio dhidi ya kituo cha Chai, linalohesabiwa kuwa mwanzo wa vita. Sehemu kubwa ya uwanda wa Mueda na pembezoni zake ikawa eneo lililokombolewa, lenye shule za Frelimo, vituo vya afya na maduka ya ushirika. Watoto wake, akiwemo Filipe Nyusi, aliyezaliwa Namau mwaka 1959, walisomeshwa katika kambi za upande wa Tanzania. Pwani, ambako jeshi la Kireno lilikuwa na vituo vyake, watu wengi waliwekwa katika vijiji vya ulinzi chini ya macho ya askari. Wamwani waliokuwa wanachama wa siri wa Frelimo walikuwapo, na polisi wa siri wa Kireno waliwatia jela masheikh na wafanyabiashara wa pwani kwa kuwashuku, lakini jela haikuwapa hati ya mpiganaji. Uhuru ulipofika tarehe 25 Juni 1975, upande mmoja ulikuwa na majenerali na upande mwingine ulikuwa na mashahidi wasio na karatasi.

Matokeo ya karatasi hiyo yanaonekana hadi leo. Mpiganaji wa ukombozi anayetambuliwa na serikali hupata pensheni, upendeleo katika huduma fulani, na, jambo lenye thamani zaidi kuliko fedha zenyewe, jina analoweza kulitaja mbele ya mkuu wa wilaya. Katika jimbo ambalo ajira ya mshahara ni nadra, pensheni inayoingia kila mwezi katika kijiji cha Mueda au Muidumbe hujenga nyumba ya bati, hulipia nauli ya mwanafunzi kwenda Pemba na hutoa mtaji wa duka. Katika kijiji cha Quissanga fedha za namna hiyo ni chache, na kipato hutegemea upepo, nyavu na bei ya samaki. Wakati huo huo siasa za Frelimo za miaka ya mwanzo ya uhuru, zilizoidharau dini na kuwaondolea machifu na viongozi wa kienyeji mamlaka yao, ziligusa pwani mahali pa uchungu zaidi, kwa kuwa shekhe na mwalimu wa chuo ndio waliokuwa wasomi wake. Haishangazi kwamba, vyama vingi viliporuhusiwa na vita baina ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo kumalizika kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, Wamwani wengi walipiga kura kwa Renamo. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia ambao Frelimo ilitangazwa kuushinda kwa kura chache, mji uligawanyika kwa lugha, nyumba zikachomwa na watu kadhaa wakauawa. Miaka kumi na miwili kabla ya uasi, basi, mstari wa mpasuko ulikuwa umekwisha kuchorwa hadharani.

Kisha yakaja mawe na gesi. Rubi za Montepuez zilipogunduliwa mwaka 2009, kampuni iliyopata haki ya kuchimba, Montepuez Ruby Mining, ilimilikiwa kwa asilimia 75 na Gemfields na kwa asilimia 25 na Mwiriti, kampuni ya Kimsumbiji ya jenerali mstaafu Raimundo Pachinuapa, mmoja wa wapiganaji wa kwanza kutoka uwanda wa Wamakonde. Maelfu ya wachimbaji wadogo, wanaoitwa kwa Kireno garimpeiros, wakiwemo vijana kutoka pwani, walifukuzwa, na mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya ukatili yaliyofikishwa mahakamani Uingereza, bila kukiri kosa. Gesi ya bonde la Ruvuma, iliyogunduliwa kuanzia 2010, ililetwa nchi kavu kwenye rasi ya Afungi, wilayani Palma, ambako zaidi ya kaya 500 za wavuvi na wakulima zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda ili kupisha kiwanda. Malalamiko ya vijana wa Palma na Mocímboa yalikuwa ya kawaida kabisa: kazi zilikwenda kwa vientes, yaani waliokuja kutoka Maputo na kwingineko, na zile chache zilizobaki zilihitaji cheti, Kireno na mtu wa kumjua ofisini, vitu vitatu ambavyo historia iliyoelezwa hapo juu ilikuwa imevigawa bila usawa. Nyusi alikuwa rais wa nchi kuanzia 2015 hadi 2025, na jambo hilo liliipa dhana ya utawala wa Wamakonde sura ya mtu mmoja.

Hapa ndipo ulinganisho unapoanza kupotosha. Jenerali mwenye hisa katika rubi hakugawana hisa hizo na mkulima wa korosho na muhogo wa Muidumbe. Uwanda wa Mueda ni nchi isiyo na mito ya juu. Kwa vizazi vingi wanawake wake wameshuka mabondeni kuchota maji, na mitambo ya kuyapandisha imekuwa ikifanya kazi kwa vipindi tu. Nafasi ya Wamakonde katika dola ilikuwa ya tabaka dogo la makamanda na jamaa zao, na tabaka hilo lenyewe liligawanyika mapema: Lázaro Nkavandame, aliyeanzisha vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba kabla ya vita, aligombana na uongozi wa Frelimo kuhusu biashara katika maeneo yaliyokombolewa na akajisalimisha kwa Wareno mwaka 1969. Na waasi walipofika Muidumbe hawakuuliza nani ana pensheni. Mwezi Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi, vijana 52 waliuawa baada ya kukataa kujiunga nao, kwa mujibu wa polisi.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba asili ya kabila si sababu ya mafanikio unapatikana nje ya mipaka ya Msumbiji, na ni ajabu kwamba wachambuzi wa Cabo Delgado hawautumii. Wamakonde wale wale, waliokwenda Kenya kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huko Kwale, wakifuatwa na waliokimbia vita, waliishi humo kwa vizazi bila vitambulisho, bila haki ya kumiliki ardhi kwa hati, bila akaunti ya benki, hadi walipoandamana kwa miguu kwenda Nairobi mwezi Oktoba 2016. Baada ya hapo Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe uraia, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara, ambako Wamakonde ni wengi, mwaka 2013 ni wao walioandamana na kukabiliana na polisi kwa sababu gesi yao ilikuwa inapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, maneno yakiwa karibu yale yale ambayo baadaye yalisikika Palma vinywani mwa Wamwani na Wamakwe. Kabila moja, basi, limekuwa karibu na ikulu Maputo, pembezoni Mtwara na bila nchi Kwale. Kilichobadilika baina ya sehemu hizo tatu ni uhusiano wa jamii na dola: nani alipigania nini, upande gani wa mpaka, na ni karatasi gani aliyopewa baadaye.

Kuhusu uasi wenyewe, watafiti hawajakubaliana. Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019, walieleza jinsi vijana wa pwani walivyovutwa kwa mikopo midogo, biashara ya magendo na ahadi ya mfumo mpya. Eric Morier-Genoud amesisitiza kwamba mbegu ilikuwa kikundi cha kidini kilichojitenga na misikiti ya kawaida miaka kadhaa kabla ya gesi kuwa na maana yoyote. João Feijó ameweka uzito kwenye tofauti za makundi na ajira. Hoja ya Morier-Genoud ina nguvu katika kueleza nani alianza, kwa kuwa wapo Waislamu maskini wa Angoche na Nacala wasioshika silaha. Hata hivyo haielezi vizuri kwa nini kikundi kidogo kilichokataliwa na masheikh wengi kilipata askari wa kutosha kuiteka Mocímboa da Praia mwezi Agosti 2020 na kuishikilia kwa karibu mwaka mmoja, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoikomboa. Kikundi huzaliwa na itikadi. Wingi wa wanaojiunga nacho hutafutwa katika hesabu ya shule, kazi na heshima. Kati yao, ikumbukwe, wamo Wamakua, Watanzania na baadhi ya Wamakonde.

Vita vimelipanua pengo kwa njia mpya. Watu karibu milioni moja walikuwa wamehama makwao wakati wa kilele, na mizani ya mateso haikuwa sawa: mwishoni mwa 2020 maelfu ya Wamwani waliofika kwa mashua katika ufuko wa Paquitequete, Pemba, walipokewa na jamaa zao waliokuwa maskini kama wao, huku lugha yao ikiwafanya washukiwe na askari kwamba ni mashababi, jina ambalo wenyeji huwaita waasi. Wamakonde wa Mueda na Muidumbe, kinyume chake, walipewa silaha: maveterani waliunda kikosi cha wenyeji kiitwacho Força Local, ambacho serikali ilikipa msingi wa kisheria mwaka 2023. Uamuzi huo unaeleweka kijeshi, kwa maana wazee hao wanaijua misitu yao. Kijamii ni kosa kubwa, kwa kuwa unaongeza bunduki juu ya shule, cheo na pensheni katika upande ule ule wa mizani. Serikali imeunda pia wakala wa maendeleo ya kaskazini, ADIN, mwaka 2020, na sehemu ya kodi ya uzalishaji inayorudi kwenye jamii za machimbo, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa asilimia 2.75 tu, imejadiliwa upya. Lakini fedha hizo za kodi hugawanywa kwa wilaya ya mradi, na mvuvi wa Ibo, ambaye kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliichukua nyumba yake, hana mgodi wala kisima cha gesi kinachomfanya ahesabike.

Sensa ijayo ya Msumbiji inatarajiwa mwaka 2027. Taasisi ya takwimu ya nchi hiyo ichapishe matokeo ya elimu, ajira na makazi kwa wilaya na kwa lugha ya kwanza, ikihesabu pia kisomo cha herufi za Kiarabu, na wizara inayosimamia wapiganaji wa zamani itangaze idadi ya wanaolipwa pensheni katika kila wilaya. Bila hesabu hizo mbili, kila anayesema Wamwani wamedhulumiwa au Wamakonde wamependelewa atakuwa anasema kwa kukisia, na katika Mocímboa da Praia makisio ya namna hiyo yamekwisha kuua watu.